Dakika Nzima ya Mama Mizani

Mtoto wa kwanza alikojoa kabla hata ya kufika kwenye mizani.

"Huyu amefungua zahanati rasmi," alisema Mama Mizani, akachukua kitambaa. Akina mama kwenye benchi wakacheka.

Ndivyo kazi ilivyoanza kila asubuhi. Mizani ilining'inia kwenye ndoano. Chini yake kulikuwa na suruali ndogo ya turubai yenye mikanda. Mtoto huvalishwa suruali hiyo, huachiwa aning'inie, na mshale huonyesha kilo zake. Wachache hucheka. Wengi hupiga kelele utadhani wanachinjwa. Mama Mizani aliwavalisha, akawatuliza, akausoma mshale, akaandika kwenye kadi. Alikuwa ameifanya kazi hiyo kwa miaka sita, na ndiyo iliyompa jina la utani.

Baada ya mizani, watoto waliingia chumba cha pili kwa Sista, muuguzi mkuu. Sista ndiye aliyesikiliza vifua na kutoa dawa. Mlango wa chumba chake ulikuwa wazi siku zote, na Mama Mizani alichungulia kila alipopata nafasi. Alitamani kazi ile mpaka mate yakamjaa mdomoni. Alikuwa amesoma shule ya jioni. Mtihani wa kidato cha nne aliufanya akiwa na mimba ya miezi minane, daftari limeegemea tumbo. Sasa mtoto yule, Kibonge, alikuwa na mwaka na nusu, na mama yake bado alisoma mshale wa mizani.

Kila mwaka alisikia kwamba kulikuwa na mafunzo ya afya ya watoto. Kila mwaka alisikia yakiwa yamekwisha.

Siku hiyo, Alhamisi, msichana wa miaka mitatu aliona ile suruali ya turubai na hakuipenda. Alichomoka mikononi mwa mama yake, akakimbia, akajificha nyuma ya mlango wa chumba cha kadi.

"Toka, mwali," Mama Mizani alimbembeleza. "Mizani haiumi."

"Inauma!"

Ikabidi amfuate. Mlango ule ulifunguliwa kila asubuhi, ukasukumwa mpaka ukutani na kuzuiwa kwa tofali. Ulifungwa jioni watu wakiwa wanakimbilia makwao. Mama Mizani aliuvuta ili amtoe mtoto. Hapo, kwenye ubao wa mlango, upande wa nyuma, aliona karatasi. Zilikuwa nyingi, nyingine zimeshageuka rangi ya chai. Ya juu kabisa ilikuwa mpya.

Alimshika mtoto kwa mkono mmoja, akasoma kwa sauti ndogo:

"Mafunzo ya afya ya mtoto. Jumamosi nne. Watumishi wa ngazi zote wanakaribishwa. Mwisho wa kujiandikisha ni Alhamisi, saa kumi alasiri."

Aliitazama saa ya ukutani. Saa kumi kasorobo.

"Mama yangu mzazi!" alisema, na mtoto akaanza kulia upya.

Alimrudishia mama mtoto wake, akaibandua karatasi ile mpya, akaingia kwa Sista bila kubisha hodi. Hakuwahi kufanya hivyo tangu aajiriwe.

"Sista, kuna mafunzo!"

"Kuna mtu amekufa?" Sista aliuliza, bila kuinua kichwa.

"Hapana, Sista. Mafunzo. Watumishi wa ngazi zote. Hata mimi ni ngazi!"

Sista aliipokea ile karatasi. "Hii ilikuwa wapi?"

"Nyuma ya mlango, ubaoni. Uliibandika mwenyewe."

"Wiki tatu zilizopita," Sista alikumbuka. "Na hakuna aliyeisoma?"

"Ukuta umesoma, Sista. Kila siku."

Sista alitaka kukasirika, akashindwa, akacheka. Alikuwa mwanamke mkali lakini si mwovu. Miaka kumi na tisa alikuwa amekaa katika chumba kile, na nusu ya watoto wa mtaa walikuwa wamepita mikononi mwake.

"Mafunzo haya si ya kukaa na kusinzia," alisema. "Kuna kazi ya vitendo. Utampima mtoto mgonjwa mara tatu mbele yangu, na mimi nitasaini kila mara. Bila saini zangu tatu, hupati cheti. Bila cheti, hukai kwenye kiti hiki hata nikiwa mgonjwa. Umeelewa?"

"Nimeelewa, Sista."

"Haya. Andika jina lako."

Picha ya fomu ilitumwa kwa simu saa kumi kasoro dakika saba. Jibu lilikuja kabla hajairudisha simu mfukoni: Karibu, umepokelewa. Mama Mizani aliruka juu. Mizani yenyewe ilitikisika kwenye ndoano.

Kisha akakumbuka nyumbani.

Mume wake alikuwa fundi viatu. Alifanya kazi kwenye chumba cha mbele, misumari midogo ikiwa imebanwa kati ya midomo. Mama mzazi wa fundi alikaa naye karibu, akitenganisha kamba nzuri na mbovu. Kibonge alikuwa chini ya meza, akijaribu kuvaa buti la mtu mzima.

"Baba Kibonge, nimepata nafasi ya kusoma," alisema Mama Mizani. "Jumamosi nne."

Fundi alitema misumari kiganjani. "Jumamosi? Jumamosi viatu vyote vya mtaa huu huwa hapa! Nani atamshika huyu? Juzi nimegeuka kidogo tu, nikamkuta anatafuna soli."

"Ilikuwa soli mpya au kuukuu?" aliuliza mama mkwe.

"Mama, hilo si la kuuliza."

"Nauliza kwa sababu unazungumza kana kwamba mimi ni picha ya ukutani. Nilikulea wewe na kichwa chako kilichokuwa kikubwa kuliko boga. Nitashindwa na huyu?" Alimgeukia mkwe wake. "Nenda, mwanangu. Nenda ukajue. Ukirudi, utufundishe na sisi."

Fundi alikuna kichwa, kile kile kilichosemwa. "Basi nenda," alisema. "Lakini usinirudie na koti jeupe ukaanza kuniita 'mgonjwa.'"

Jumamosi ya kwanza, Mama Mizani alifika kwenye ukumbi nusu saa kabla ya mlango kufunguliwa. Aliingia wa kwanza, akakaa mstari wa mbele. Alikuwa na daftari jipya, kalamu mbili, na moyo uliokuwa ukidunda kama nyundo ya mumewe. Wanafunzi wenzake walikuwa wauguzi, wakunga, na wahudumu wa vijijini. Mwalimu alikuwa daktari wa watoto, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kusikika mpaka barabarani.

"Leo tunajifunza jambo moja tu," alisema. "Kuhesabu pumzi."

Mtu wa nyuma alinong'ona, "Tumetoka mbali kote huko kuja kuhesabu?"

"Nimesikia," alisema mwalimu. "Vizuri. Tuanze na wewe."

Aliwasha video ukutani. Ilionyesha mtoto wa miezi kumi amelala, tumbo wazi. Tumbo lilipanda na kushuka.

"Hesabuni kama mnavyohesabu kazini."

Wengi walihesabu kwa robo dakika, kisha wakazidisha kwa nne. Ndivyo walivyozoea, maana foleni huwa ndefu. Mama Mizani pia alifanya hivyo. Alikuwa amemwona Sista akifanya hivyo kila siku. Mwalimu aliandika majibu yao ubaoni: arobaini, arobaini na nne, arobaini na nane, hamsini na mbili, hamsini na sita.

"Jamani," alisema, "huyu ni mtoto mmoja au watano?"

Ukumbi ukaangua kicheko.

"Sasa hesabuni dakika nzima. Tumbo likipanda na kushuka, hiyo ni moja."

Wote wakakodoa macho ukutani. Dakika ilipokwisha, majibu yalikuwa hamsini na mbili, hamsini na tatu, hamsini na mbili, hamsini na mbili.

Mama Mizani aliyatazama majibu tena. Mtoto alikuwa yule yule na macho yalikuwa yale yale. Dakika moja tu ndiyo iliyowapatanisha wote.

"Mtoto mdogo hapumui kama saa ya ukutani," mwalimu alieleza. "Anaenda mbio, anatulia, anaenda mbio tena. Ukimtazama kwa robo dakika, unaweza kumkuta kwenye kule kutulia. Tena ukikosea pumzi moja, ukazidisha kwa nne, umekosea nne. Na hizo nne ndizo zinazoficha nimonia."

"Nimonia ndiyo homa ya mapafu?" aliuliza Mama Mizani.

"Ndiyo. Inaua watoto wengi, lakini ikigunduliwa mapema inatibika. Mtoto mwenye kikohozi akipumua haraka, tushtuke. Haraka ni ngapi? Andikeni. Chini ya miezi miwili, pumzi sitini au zaidi kwa dakika. Huyo apelekwe hospitali mara moja. Kuanzia miezi miwili mpaka kabla ya mwaka, hamsini au zaidi. Kuanzia mwaka mmoja mpaka kabla ya miaka mitano, arobaini au zaidi."

"Na akilia?"

"Swali zuri! Mtoto anayelia hahesabiwi. Anayenyonya hahesabiwi. Mtulizeni, mfunueni kifua, msubiri. Tena mtazame chini ya mbavu. Akivuta pumzi, kifua kikibonyea ndani, hiyo nayo ni dalili ya nimonia."

Kabla ya kufunga, aliwaambia jambo jingine. Kila Jumatatu angetuma kwa simu ujumbe mfupi wa habari mpya za tiba ya watoto. "Elimu ya uuguzi ni kama maziwa," alisema. "Ukiyaweka miaka mingi bila kuyaangalia, utakunywa kitu kingine."

Mama Mizani alirudi nyumbani karibu akimbie. Alimhesabu Kibonge: ishirini na nane. Alimhesabu mume wake akigonga msumari, mpaka fundi akajigonga kidole.

"Sasa unaniumiza kwa elimu," alilalamika.

Alimhesabu mama mkwe. "Kumi na nane, Mama. Uko salama."

"Nashukuru," alisema mama mkwe. "Nilikuwa nimeshaanza kugawa khanga zangu."

Jumamosi ya pili na ya tatu zilipita kama upepo. Ilibaki moja. Zahanatini, Mama Mizani alikuwa amempima mtoto mara mbili mbele ya Sista. Mara zote mbili ilikuwa asubuhi mapema, foleni fupi, na watoto walikuwa na mafua ya kawaida. Sista alimwachia ahesabu dakika nzima, akasaini. Lakini yeye mwenyewe aliendelea na robo yake. Mama Mizani aliona, akainamia kadi zake. Nani angemwambia? Ilibaki saini moja.

Mara ya tatu ilikuwa Jumanne, na kikohozi kilikuwa kimeingia mtaani. Benchi lilijaa, watu wakasimama mpaka nje. Saa nne, aliingia msusi wa nywele wa mtaa wa pili, amembeba mtoto wake wa miezi minane. Mtoto alikuwa amevalishwa sweta mbili, moja juu ya nyingine, na alikuwa akilia.

"Anakohoa tangu juzi," alisema msusi. "Leo amekataa hata kucheza na vitana vyangu."

Sista aliweka kiganja juu ya sweta, akatazama saa yake ya mkononi. "Kumi na moja. Mara nne, arobaini na nne. Iko chini ya hamsini. Hiki ni kikohozi tu. Mnyonyeshe sana, umrudishe nyumbani." Kisha akamgeukia Mama Mizani. "Huyu ndiye wako wa tatu, sivyo? Umeona. Lete fomu nisaini, watu wananisubiri."

Kalamu ilikuwa tayari mkononi mwa Sista. Fomu ilikuwa mezani. Mstari wa tatu ulikuwa mtupu.

Mama Mizani aliutazama mstari ule. Alimtazama mtoto.

"Sista wangu," alisema polepole, "naomba usisaini kwanza. Mimi bado sijahesabu."

"Nimehesabu mimi."

"Ndiyo, Sista. Lakini mtoto alikuwa analia, na ana sweta mbili. Nakuomba dakika moja. Nzima."

Nje, akina mama wa kwenye benchi walinyoosha shingo kuelekea mlangoni.

"Unanifundisha kazi?" aliuliza Sista.

"Siwezi, Sista. Nakuomba tuhesabu pamoja. Wewe kwako, mimi kwangu. Nikikosea, fomu hiyo uichane."

Sista alielekeza kalamu mlangoni. "Unaiona foleni ile? Dakika nzima kwa kila mtoto? Ngoja ngoja huumiza matumbo!"

"Na haraka haraka haina baraka, Sista," ilijibu sauti ya bibi mmoja kutoka kwenye benchi. "Hesabuni tu. Sisi tupo."

Watu wakacheka kidogo, kwa hofu. Sista hakucheka, lakini aliiweka kalamu chini.

Mama Mizani alimvua mtoto sweta ya kwanza, kisha ya pili. "Mnyonyeshe kwanza, shoga," alimwambia msusi. "Atulie." Walisubiri. Mtoto alinyonya kidogo, akaachia, akatulia mikononi mwa mama yake. Macho yalikuwa wazi, tumbo wazi. Mama Mizani alibonyeza saa ya simu.

Moja. Mbili. Tatu.

Ile tabia aliyofundishwa ukumbini, sasa aliiona kwa macho. Tumbo lilikwenda mbio, likatulia, likaenda mbio tena. Hakupepesa macho.

Simu ililia.

"Hamsini na nne," alisema Mama Mizani.

Sista aliitazama tena saa yake. Kisha akasema, "Hamsini na tatu."

Msusi aliwatazama kwa zamu. "Hizo ni nyingi?"

"Ni nyingi," alijibu Sista. Sauti yake ilikuwa imeshuka. Aliinama, akatazama chini ya mbavu za mtoto, akasikiliza kifua kwa makini. "Kifua hakibonyei. Ananyonya. Hatapiki kila kitu, hajapata degedege?"

"Hapana, Sista."

"Basi ni nimonia, na tumeiwahi." Alivunja kidonge, akakiyeyusha kwenye kijiko cha maji safi, akampa mtoto pale pale. "Utampa hivi asubuhi na jioni, siku tano. Umalize zote, hata akipata nafuu. Endelea kumnyonyesha. Akishindwa kunyonya, akitapika kila kitu, akipata degedege, akilala ukamwamsha asiamke, au kifua kikianza kubonyea, usingoje. Mlete wakati wowote. Vinginevyo, nirudishie Ijumaa nimwone."

Msusi alipotoka, Mama Mizani aliisogeza fomu kidogo. Kidogo tu.

"Nitasaini Ijumaa," alisema Sista. "Mtoto huyo akirudi. Nataka nione kwa macho yangu."

Hizo zilikuwa siku tatu ndefu. Ijumaa ndiyo ilikuwa siku ya mwisho ya kupata saini, maana kesho yake ilikuwa Jumamosi ya nne. Saa tatu, msusi hakuja. Saa nne, hakuja. Saa tano, Mama Mizani alimpima mtoto mmoja mara mbili kwa kusahau.

"Dada, ameongezeka uzito hapa hapa?" mama wa mtoto alimtania.

Saa sita kasorobo, sauti ilisikika kutoka nje: "Nipisheni, nipisheni! Nilikuwa na kichwa cha mtu, nusu kimesukwa, nusu bado!"

Msusi aliingia akihema. Mgongoni, mtoto alikuwa ameshika kitana cha rangi ya waridi, anakitafuna kwa furaha.

Mama Mizani alitaka kulia na kucheka kwa pamoja. Alijizuia, akatazama chini.

Sista mwenyewe ndiye aliyemfunua mtoto kifua. Aliivua saa yake ya mkononi, akaiweka mezani mbele ya macho yake. Alihesabu bila haraka, midomo ikicheza. Foleni ilingoja. Dakika nzima ilipita.

"Thelathini na nane," alisema.

"Haiii!" msusi alipiga kigelegele, na benchi zima likaitikia. Mtoto alishtuka, kisha akampiga Sista puani kwa kitana.

Sista alifuta pua yake, akavuta fomu, akasaini. Alisaini taratibu, kama mtu anayeandika barua ya heshima.

"Miaka kumi na tisa," alisema, akiwa bado ameinama. "Nawaza wale niliowarudisha nyumbani."

Mama Mizani aliikunja fomu taratibu. Kisha alisema, "Ulifundishwa hivyo, Sista. Na watoto wa Jumatatu watakukuta unajua vingine."

Sista aliinua kichwa. Macho yalikuwa na unyevu, lakini sauti ilikuwa imerudi, ile ile ya kutoa amri.

"Leta kiti kingine humu ndani. Kuanzia Jumatatu, wenye kikohozi watahesabiwa na wewe, wakiwa wanasubiri zamu. Dakika nzima. Mimi nitaendelea na mengine, na foleni itakwenda. Na hizo habari zenu za kila Jumatatu, zinaingiaje kwenye simu?"

"Nitakuunganisha sasa hivi, Sista!"

"Na mafunzo mengine ni lini?"

"Mwezi ujao. Huduma ya mtoto mchanga. Mwalimu amesema kila zahanati itapata nafasi mbili."

Sista alichukua karatasi safi, akamsogezea pamoja na kalamu.

"Andika majina mawili," alisema. "La kwanza liwe langu."